Kutegemea na Kungojwa: Mipaka ya Nafsi kwa Mfano wa Kompyuta Mezani

Swali la mipaka ya nafsi, yaani wapi mtu anaishia na wapi vitu na watu waliomzunguka wanaanzia, lina umri mkubwa katika falsafa na katika dini, na waliolishughulikia walizoea kulieleza kwa mifano ya vyombo vya zama zao: kinubi, merikebu, gari la kukokotwa na farasi, hema. Zama hizi nazo zina vyombo vyake. Katika ofisi ya kawaida ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002, mtumishi anaweza kuingia asubuhi na kompyuta mpakato begani, akaiweka mezani, akachomeka kebo moja tu, na papo hapo kompyuta ile iliyokuwa na kioo cha upana wa shubiri moja na nusu ikawa na skrini mbili kubwa, kibodi, kipanya, printa, waya wa mtandao na umeme wa kuichaji. Jioni kebo huchomolewa, na vyote hivyo hubaki mezani. Kifaa kinachoviunganisha huitwa doki, jina lililotoka bandarini, kwa kuwa doki ni gati, mahali ambapo chombo hufunga kamba, kikapakua na kupakia, kisha kikaondoka kikiwa chombo kilekile. Hilo la mwisho, kwamba huondoka kikiwa kilekile, ndilo linalostahili kuchunguzwa.

Doki yenyewe ni kisanduku kisicho na mengi ya kujivunia. Upande mmoja ina matundu ya kila namna kwa ajili ya skrini, flashi, spika na mtandao. Upande wa pili ina kebo inayokwenda kwenye kompyuta, ambayo siku hizi mara nyingi huishia kwa kichwa cha aina ya USB-C, kile chenye umbo la yai kilichotolewa mwaka 2014 na ambacho huingia hata kikigeuzwa juu chini. Ndani ya kichwa hicho mna pini 24, na kwa njia hizo hupita mambo matatu yaliyokuwa yakihitaji waya tatu: umeme, ambao kwa miaka kadhaa ulikomea wati 100 mpaka kanuni mpya za mwaka 2021 zilipouruhusu ufike wati 240, picha za kwenda kwenye skrini, na data, yaani habari nyingine zote ambazo kompyuta hubadilishana na vifaa vyake. La kuzingatia ni kwamba mikondo hiyo haielekei upande mmoja, kwa maana umeme hutoka mezani ukaingia kwenye kompyuta ilhali picha hutoka kwenye kompyuta zikaenda mezani, hata mtu akiuliza kati ya viwili hivyo kipi kinamtegemea mwenzake, hawezi kujibiwa kabla ya kusema anauliza juu ya umeme au juu ya picha.

Ipo dhana iliyoenea miongoni mwa wanunuzi kwamba doki huiongezea kompyuta nguvu, na kwa sehemu kubwa dhana hiyo si sahihi. Katika doki nyingi picha ya kila skrini huchorwa na chipu ya kompyuta yenyewe, na doki huipitisha tu. Ndiyo maana MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1, ambayo waundaji wake waliipa uwezo wa kuhudumia skrini moja tu ya nje, haiwezi kutoa picha mbili tofauti kwenye skrini mbili kupitia doki ya kawaida, hata doki iwe ya bei gani. Ziko doki zinazolikwepa sharti hilo kwa teknolojia iitwayo DisplayLink, ambapo programu iliyowekwa kwenye kompyuta huibana picha na kuituma kama data, kisha chipu iliyo ndani ya doki ikaikunjua. Lakini hata hapo gharama hulipwa na kichakataji, yaani kiini cha kompyuta kinachofanya hesabu zake zote, ambacho huongezewa kazi ya kubana. Doki, basi, humpa mgeni wake nafasi ya kutandaza alichokuja nacho. Aristotle angelitambua jambo hilo upesi, kwa kuwa alitenganisha uwezo uliolala ndani ya kitu na utendaji unaoudhihirisha uwezo huo: mbegu ya mbaazi, zao ambalo wakulima wa Babati wanalijua vema, ina mmea ndani yake kwa maana ya uwezo, ila haiwi mmea ikiwa ghalani.

Hata hivyo historia ya vifaa hivi ina kisa kimoja kinachovuruga jibu hilo. Mwaka 1992 kampuni ya Apple ilitoa PowerBook Duo, kompyuta mpakato iliyonyimwa makusudi karibu matundu yote pamoja na kiendeshi cha diski laini ili iwe nyepesi, na ikatoa pia doki yake, Duo Dock, iliyoimeza kompyuta nzima ikiwa imefungwa, kwa mota, kama deki ya video inavyomeza kaseti. Ndani ya Duo Dock mlikuwa na kiendeshi cha diski laini, nafasi za kadi za ziada, na vilevile nafasi ya kuweka chipu ya kusaidia hesabu za desimali, ambazo kompyuta peke yake ilizifanya kwa kujikongoja. Aliyeweka chipu hiyo alikuwa, akiwa mezani, na kompyuta hodari wa hesabu, na akiwa safarini alikuwa na kompyuta ileile iliyo nzito wa hesabu. Hapo meza ilikuwa imevuka kazi ya kutoa nafasi. Sehemu ya kufikiri kwenyewe ilikuwa imebaki mezani, na mtu angeweza kuuliza kwa haki kabisa kompyuta ni ipi, ile iliyo mkobani au ile iliyokamilika ofisini.

Miaka sita baadaye, mwaka 1998, wanafalsafa Andy Clark na David Chalmers walichapisha makala iliyodai kwamba hata akili ya binadamu haikomei kwenye fuvu lake. Mfano wao ni wa mtu waliyemwita Otto, mwenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ambaye huandika mambo yote kwenye daftari na hulifungua anapotaka kujua njia ya kwenda kwenye jumba la makumbusho ya sanaa huko New York. Kwa hoja yao, daftari linamfanyia Otto kazi ileile ambayo kumbukumbu humfanyia mwenye afya, na kulitoa nje ya akili yake kwa sababu tu liko nje ya ngozi yake ni upendeleo usio na msingi. Waliweka masharti, miongoni mwake kwamba chombo kiwepo daima, kifikike bila taabu, na mwenyewe akiamini pasipo kukihoji. Kwa kipimo hicho doki huanguka sharti la kwanza, maana imefungwa mezani, ilhali simu ya mkononi hupita yote. Hoja hii ina nguvu, na yeyote aliyewahi kupoteza simu iliyobeba namba za watu wake wote anajua kwamba alichopoteza kilizidi bei ya kioo na betri. Kasoro yake ni kwamba huvipima viungo kwa utumishi wake tu, kiasi kwamba mke, jirani au ndugu huingia katika nafsi ya mtu kwa mlango uleule wa daftari, kwa kuwa yupo karibu na anaaminika. Na pengine huo ni ukarimu wa hoja, lakini ni ukarimu usiomtofautisha jirani na karatasi.

Upande wa pili kabisa amesimama Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, ambaye aliwataka wasomaji wake wawazie mtu aliyeumbwa kamili kwa mara moja, akielea hewani, macho yamefunikwa, viungo vyake vimetenganishwa visigusane, asione wala kusikia wala kuhisi chochote. Mtu huyo, alisema, hangejua kama ana mikono, ila angejua kwamba yeye yupo. Ni kompyuta iliyochomolewa kila kitu, hata kioo chake, na bado taa yake inawaka. Hoja hiyo iliwavutia wengi kwa karne nyingi, na ni rahisi kuona sababu, kwa kuwa humhakikishia mtu kwamba kilicho chake hasa hakiwezi kuchomolewa. Lakini kinachobaki ni kidogo mno: mtu asiye na jina, asiye na mama, asiyejua lugha ya kujiambia kwamba yupo.

Hapo ndipo wengi huteleza wakaingia kwenye fumbo linaloonekana tamu, kwamba roho ni kompyuta, mwili ni doki, na kifo ni kuchomoa kebo jioni. Fumbo hilo ni la Plato kuliko la msikiti au kanisa. Katika mazungumzo yaitwayo Phaedo, Socrates anaieleza roho kama inayofungwa na mwili na kuachiwa huru na kifo, naye Simmias anampinga kwa kuuliza iwapo roho si kama mlio wa kinubi, ambao kinubi kikivunjika hauna pa kwenda. Dini mbili zenye waumini wengi Babati, Uislamu na Ukristo, hazikukubali njia ya Plato bila masharti, kwa kuwa zote zinafundisha ufufuo wa mwili. Al-Ghazali, katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa alichokimaliza mwaka 1095, alitaja mambo matatu tu ambayo kwayo aliwahukumu kuwa wametoka katika imani, na mojawapo lilikuwa kukana kwamba miili itafufuliwa. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki wa karne ya 13, alipofafanua Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, alisisitiza kwamba roho ya mtu peke yake siyo mtu mwenyewe, na kwa hiyo wokovu wa roho pekee usingekuwa bado wokovu wa mtu. Kwa wanazuoni hao wawili, walioishi mbali na wasiosali pamoja, mwili ni sehemu ya yule anayeitwa kwa jina lake siku ya hukumu, na meza ya ofisi haiwezi kuwa mfano wake.

Ikiwa Clark na Chalmers wamempanua mtu kupita kiasi, na Ibn Sina amempunguza kupita kiasi, Kiswahili chenyewe kina neno linaloweza kusaidia. Kutegemea, kwa maana yake ya kwanza, ni kuegemeza uzito wako kwa kingine, kama mzee anavyotegemea mkongojo, au kompyuta inavyotegemea umeme. Lakini katika matumizi ya Watanzania wengi neno hilohilo lina maana ya kutarajia: wakulima wanategemea mvua za masika, familia inategemea mgeni jioni. Walimu wa lugha walio wakali huisahihisha maana hiyo ya pili na kutaka pasemwe kutarajia, na pengine kwa kanuni za sarufi wana haki yao. Kwa upande wa falsafa, hata hivyo, mazungumzo ya watu yamegundua jambo ambalo sahihisho hilo linalikosa. Anayemtegemea mtu kwa maana ya kwanza anamwekea uzito wake, na anayemtegemea kwa maana ya pili anamwekea nafasi yake. Mkongojo hutegemewa kwa maana ya kwanza tu. Mwana aliyekwenda mjini hutegemewa kwa maana zote mbili, na hata akikosa kutuma chochote, ile ya pili haifutiki upesi.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika desturi ya Wairaqw, wanaoitwa pia Wambulu, ambao wamekaa Mbulu, Karatu, Hanang na Babati, jirani ya Wagorowa, ndugu zao wa lugha. Desturi hiyo huitwa metimani. Nyumba ikipatwa na mambo ya aina fulani, hususan baadhi ya vifo na mimba ya binti ambaye hajaolewa, waliopatwa walihesabiwa kuwa katika hali inayoweza kuambukiza balaa, wakajitenga: hawakuingia nyumba za wengine, hawakushiriki chakula wala pombe ya pamoja, mpaka muda uliowekwa, ambao ungeweza kuwa wa miezi mingi, umalizike. Kwa lugha ya makala haya, mtu alichomolewa. Kila kiungo kilichompa nafasi ya kujitandaza miongoni mwa watu kilikatwa, na akabaki na kioo chake kidogo. Desturi hiyo haipaswi kupambwa, kwa kuwa iliwaelemea zaidi wasichana, ambao waliadhibiwa peke yao kwa jambo lililofanywa na wawili, na makanisa yaliyoipinga yalikuwa na sababu ya kuipinga. Lakini ndani ya ukali wake mlikuwa na sharti ambalo hoja ya Otto haina pa kuliweka: metimani ina mwisho. Wakati wote wa kutengwa, jirani wanaomkwepa mtu wanahesabu siku zake, na kule kumkwepa kwenyewe ni kukiri kwamba yeye ni wao, maana mpita njia asiye wa mahali hawekewi muda wa kurudi.

Mji wa Babati ni mahali pazuri pa kuona tofauti kati ya kuunganishwa na kungojwa, kwa sababu wenyewe ni gati ya nchi kavu. Barabara inayotoka Arusha, umbali wa takribani kilomita 170, hugawanyika hapo, mkono mmoja ukaelekea Singida kwa kupita Hanang, na mwingine Dodoma kwa kupita Kondoa, mkono ambao lami yake ya takribani kilomita 251 ilizinduliwa Aprili 2018. Katika eneo hili zinakutana jamii za lugha ambazo ni nadra kukutana kwingine Afrika: Kigorowa na Kiiraqw ni za jamii ya Kikushi, Kibarbaig ni ya Kinilo, Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu, na si mbali, magharibi na kusini, wapo Wahadza na Wasandawe wenye lugha za vidoko, yaani sauti zinazotolewa kwa kubonyeza na kuachia ulimi. Kiswahili kimekuwa kebo moja inayopitisha yote hayo. Lakini stendi, hata iwe na mabasi mengi kiasi gani, haimjui abiria; humhudumia mwenye tiketi. Anayemjua ni yule aliyekuja kumpokea.

Kwa mizani hiyo, swali la kidini juu ya kutegemea hupata sura nyingine. Ibn Sina huyohuyo aligawa vilivyopo katika mafungu mawili: vile ambavyo kuwapo kwake kunatoka kwa kingine, ambavyo ni viumbe vyote, na Yule ambaye kuwapo kwake ni wajibu na hakutoki kwa yeyote. Sura ya 112 ya Kurani inamtaja Mwenyezi Mungu kwa jina la As-Samad, ambalo wafasiri hulieleza kuwa ni Yule anayekusudiwa na wote kwa haja zao, naye hana haja kwa yeyote. Kwa Kiswahili, ni mtegemewa asiyetegemea. Kwa maana ya kwanza ya kutegemea, hakuna la kuongeza. Kwa maana ya pili, mambo si mepesi hivyo. Toba, neno ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni kurudi, na Kurani humwita Mungu kwa jina linalotoka katika mzizi huohuo, Mwenye kupokea toba, kama kwamba mja anaporudi hukuta mlango umekwisha kumwelekea. Injili ya Luka, sura ya 15, ina mfano wa baba aliyemwona mwanawe mpotevu angali mbali, jambo ambalo halimtokei asiyekuwa akitazama njia. Baba yule hakumhitaji mwana kwa mali wala kwa kazi, kwa kuwa alikuwa na watumishi wa kutosha, alikuwa akimngoja. Wanateolojia wameogopa, na kwa haki, kusema kwamba Mungu anatarajia, wasije wakamtia upungufu. Hata hivyo inaelekea kwamba maandiko ya dini zote mbili yanakubali Asiyehitaji aweze kungoja, na kwamba nafsi ya mtu, ambayo wanafalsafa wameitafuta ndani ya fuvu, ndani ya daftari na ndani ya hewa tupu, ni bora itafutwe hapo: katika yule anayengojwa arudi, awe ameunganishwa au amekatwa.

Yabaki mambo mawili ya mezani. La kwanza ni kwamba doki haipendi kuachwa ghafla: flashi iliyochomekwa kwake, ikiwa bado inaandikwa, kisha kompyuta ikanyanyuliwa bila kuiaga kwa amri ya kuitoa salama, yaweza kuharibu faili lililokuwa njiani, na umeme ukikatika wakati huo matokeo ni hayohayo. Kuaga, ambako jamii za Manyara na za pwani huhesabu kuwa adabu, kwenye kompyuta ni kanuni ya ufundi. La pili ni la kumbukumbu. Kebo ikichomolewa, madirisha yaliyokuwa yametandazwa kwenye skrini kubwa hukimbilia kwenye kioo kimoja na kubanana humo, hakuna lililopotea isipokuwa mpangilio. Na tangu toleo la Windows 11 la mwaka 2021, kebo ikirudishwa, kila dirisha hurudi pale lilipokuwa. Mtu aweza kudhani kwamba meza ndiyo iliyomkumbuka. Kumbukumbu hiyo imo kwenye kompyuta. Doki haijui nani aliyeondoka, wala haimngoji. Hubaki mezani usiku kucha na taa yake ndogo, tayari kumhudumia yeyote atakayechomeka kebo, hata akiwa mwizi.